Injini Mpya Hulelewa

Sehemu ya kiinua mgongo changu ilinunua injini mpya ya Land Rover yangu kuukuu. Fundi wa Mbeya alipomaliza kuifunga aliniusia: "Mwalimu, kilomita 1,000 za kwanza usiipe mzigo mzito, wala usishike mwendo mmoja. Lakini usiidekeze, vilima vidogo huifaa." Ringi za pistoni husuguana na kuta za silinda hadi zioane, zisipooana, injini hula oili daima.

Dereva wangu kijana alinung'unika hadi Iringa, mabasi yakitupita Makambako na Mafinga. Mimi niliwawaza walimu wapya: wapo waliobebeshwa madarasa makubwa wakachoka mapema, na wapo waliodekezwa wasikomae. Mwana umleavyo ndivyo akuavyo.