Masika ya Kwenye Pakiti

Waswahili husema dalili ya mvua ni mawingu. Sina ugomvi na Waswahili, lakini mwaka jana mawingu hayo yaliniaibisha mbele ya shule nzima, na ndiyo sababu nimeshika kalamu.

Shangazi yangu, ambaye ni nesi huko Uingereza, alinitumia pakiti ya mbegu za zinia. Nilijivuna kweli kweli! Nikakiahidi Chama cha Kiswahili kwamba kabla muhula wa pili haujaisha, mbele ya ofisi ya walimu patapendeza kama bustani ya mfalme. Nyuma ya pakiti paliandikwa kwa Kiingereza kwamba zipandwe mwanzo wa 'spring'. Sisi wanachama hatukosi tafsiri. Tukaafikiana kuwa 'spring' ni masika, basi!

Wiki ya mwisho ya Februari mawingu yakatanda, ikanyesha jioni moja, vumbi la Ntimaru likatulia. Kesho yake nikapanda mistari mitatu. Nilipofika nyumbani na udongo kwenye viatu, nyanya akaniuliza nimepanda nini.

"Mjukuu wangu, hii mvua imekuja kusalimia tu. Kwani umeona kumbikumbi?"

Nikacheka. Nikamwambia hayo si mahindi, ni maua ya Ulaya na yana maagizo yake. Yeye hajui kusoma, nami nilicheka mbele yake. Hilo linaniuma kuliko maua yenyewe.

Jua likawaka kama lililolipwa. Mbegu ikishanyonya maji na kuanza kuchipua hairudi nyuma. Udongo ukikauka, imekufa. Chache zilizotokeza zilinyauka kabla ya majani ya pili. Wenzangu walibeba maji kwa mitungi kutoka mtoni siku tisa mfululizo, hadi mmoja akatua mtungi akaniuliza, "Kwani haya maua tutakula?" Siku hiyo wakanibandika jina: Masika. Hata wa kidato cha kwanza waliniita hivyo.

Nilimwendea mwalimu wa jiografia. Akanieleza kuwa Uingereza watu hungoja baridi iondoke. Jalidi ikianguka usiku mmoja, miche kama ya zinia hufa, kwa hiyo 'spring' yao ni habari ya udongo kupata joto na mchana kurefuka. Sisi tuko karibu na Ikweta, mchana wetu ni kama saa 12 mwaka mzima, na joto tunalo. Tunachongoja ni maji. Masika ni mvua, 'spring' ni joto. Tulitafsiri mwezi tukasahau jambo lenyewe. Tena niligundua kwamba zinia si ya Ulaya! Jina lilitokana na Mjerumani aliyeitwa Zinn, aliyefariki mwaka 1759, lakini ua asili yake ni Mexico, ambako nako hungoja mvua. Kumbe ua lenyewe lingekubaliana na nyanya.

Mwisho wa Machi ikanyesha siku tatu, mvua ya radi. Asubuhi ya nne kumbikumbi wakajaa uani, kuku wakawa wanagongana. Nikaenda kwa nyanya nikapiga magoti, nikamwomba radhi. Hakusema kitu. Alichukua jembe, akachimba, akatia mkono shimoni. Udongo ulikuwa umelowa kupita kiganja, na alipoufinyanga haukumeguka.

"Sasa," akasema.

Pakiti ilikuwa imebaki na mbegu kumi na nne. Kumi na moja ziliota ndani ya wiki moja, na mapema Juni zilichanua nyekundu na za waridi, mstari mmoja tu, mfupi, mbele ya ofisi. Nyanya alikuja siku ya wazazi, akaziangalia kwa muda mrefu, akaniuliza kama zinaliwa.

Shangazi alipopiga simu alitaka kujua kama maua yalipenda hali ya hewa ya huku. Nikamwambia kumi na moja yalipenda.