Shoka la Dukani na Moto wa Mhunzi

Twataka kuwaandikia habari za mashoka, hasa yale yauzwayo bila mpini katika maduka ya Mwanza, na jinsi yawezavyo kutengenezwa hata yakafaa kazi. Huenda mmoja akauliza, Mwalimu na mashoka wapi na wapi? Twajibu kwamba shule yetu hapa Butimba hupika uji kwa kuni, na kuni hazijipasui zenyewe. Tena liko jambo lililotukia mwaka jana, ambalo lilitupeleka kwa mhunzi.

Wazazi walichanga fedha, yakanunuliwa mashoka 12 ya namna moja, yamepakwa rangi nyeusi mwili mzima na nyekundu penye makali, mazuri ya kutazama. Muhula haujaisha, matano yalikuwa yameharibika. Mawili yalikunja makali kama bati, mawili yakamomonyoka vipande vipande, na la tano lilichomoka mpinini mpasua kuni akiwa ameliinua, likaruka juu ya ua, likaanguka hatua moja mbele ya binti aliyekuwa akirudi na ndoo ya maji. Mtoto hakuumia. Alikaa chini akitetemeka, wala hakuweza kusema neno kwa muda mrefu. Jioni ile mama yake alikuja shuleni. Hakutukana wala hakupiga kelele, aliomba kuliona lile shoka, akaligeuzageuza mikononi, kisha akauliza, "Walimu, na yale saba yaliyobaki, nayo ni kama hili?"

Hatari hii ni ya kale. Wasomaji wa Torati watakumbuka kwamba katika Kumbukumbu, sura ya 19, miji ya makimbilio inaelezwa kwa mfano wa watu wawili waendao mwituni kukata miti, shoka la mmoja likachomoka na kumwua mwenziwe bila kukusudia. Mtoa sheria angeweza kutwaa mfano mwingine wowote, naye akatwaa huo, maana kila msikilizaji aliujua.

Katika mkutano wa wazazi wengine walitaka yanunuliwe mashoka ya bei kubwa, mara tatu ya yale ya kwanza. Fedha haikuwapo. Ndipo mzee mmoja akasema, "Yapelekeni yale saba kwa mhunzi, ayasome." Neno lile "ayasome" lilitupendeza sisi tulio walimu, basi Jumamosi tukaenda.

Mhunzi huyo ni mzee ambaye babu zake walivuka ziwa kutoka Buzinza. Inafaa vijana wajue habari hiyo. Zamani majembe mengi ya Usukuma yalitoka ng'ambo, kwa Warongo, mafundi wa nchi za Buzinza na Geita, waliochimba mawe ya chuma vilimani, wakayayeyusha kwa makaa na mivukuto, wakafua majembe, mashoka na mikuki. Majembe hayo yalikwenda mbali, hata Unyamwezi, nayo yalitolewa kuwa mahari na kununulia vitu kama fedha. Na huko Kagera, mahali paitwapo Katuruka, mtaalamu Peter Schmidt alichimbua tanuri za kuyeyushia chuma za zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Yeye na mwenzake Donald Avery walitangaza habari za ustadi huo mwaka 1978, baada ya wazee wa Kihaya kuwaonyesha kwa vitendo jinsi baba zao walivyofanya. Biashara ya majembe ya Ulaya ilipoingia kwa wingi, tanuri zetu zikapoa. Wahunzi wakabaki, wakifua chuma cha watu wengine. Siku hizi avukaye kwenda upande ule hupita juu ya daraja la Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, lililofunguliwa mwezi wa Juni 2025, wala hana haja ya mtumbwi.

"Mwangaluka, mzee," tukamwamkia, tukamwaga mashoka chini. Twalitazamia awashe moto, walakini hakuwasha. Alitwaa tupa akaipitisha juu ya makali ya kila shoka. Palipo na ugumu tupa huteleza kama juu ya kioo. Palipo laini huuma na kutoa unga. Kisha akayapeleka kwa jirani yake mwenye jiwe la kunolea la umeme, akayagusisha moja moja, akatuambia tuangalie cheche. Chuma laini hutoa cheche ndefu zilizonyoka kama mabua. Pua iliyo njema hutoa cheche zinazopasuka mwishoni mfano wa nyota. Sababu yake ni kaboni, kitu kile kile kilichomo ndani ya makaa: kikichanganyika na chuma kwa kiasi kidogo, hata chini ya sehemu 1 katika 100, chuma huwa pua, nayo pua hufanywa ngumu kwa moto na kuchovya. Chuma kilichopungukiwa na kaboni, ukichovye mara mia, hubaki laini.

Basi yale saba, yaliyokuwa na rangi moja na bei moja na alama moja ya karatasi, hayakuwa ndugu hata kidogo. Manne yalikuwa ya pua ya kufaa, ila yalitiwa moto ovyo. Mawili yalikuwa chuma laini. La saba aliliweka kando bila kusema neno.

Kwa manne aliwasha makaa. Mjukuu wake alizungusha feni iliyofungwa kwenye gurudumu la baiskeli, maana mivukuto ya ngozi imekwisha. Shoka lilipokuwa jekundu mzee akaligusisha sumaku iliyotolewa katika redio kuukuu. Pua ikifika kadiri ya digrii 770 haishikwi tena na sumaku, na fundi hujua joto limekaribia. Babu zake walitazama rangi tu, ndiyo sababu kiwanda cha mhunzi hujengwa penye kivuli. Juani rangi ya chuma hudanganya. Akalichovya upande wa makali katika mafuta machafu ya gari, kwa kuwa maji hupoza upesi mno na pua yaweza kupasuka.

Hapo twalidhani kazi imekwisha. Mzee akacheka. "Mwalimu, sasa ni gumu kama chungu, na litavunjika kama chungu." Akausugua ubavu wake kwa kipande cha jiwe mpaka ukang'aa, akaegemeza kisogo penye makaa, akangoja. Rangi zikaanza kutambaa polepole kuelekea makali: manjano kama majani makavu, kisha kahawia, kisha zambarau, na nyuma yake buluu. Zambarau ilipokuwa karibu kugusa makali, akalitia majini, rangi zikasimama. Kila rangi ni kipimo cha joto, tena kipimo kisichodai chombo chochote ila macho na subira. Sisi tumefundisha vipimo miaka mingi, na hiki hatujapata kukiona kikiandikwa ubaoni.

Yale mawili laini aliyapasua makali kwa patasi yakiwa mekundu, akapachika ndani yake kipande cha springi ya lori, ambayo ni pua hasa, akanyunyiza mchanga mwembamba, akayarudisha motoni mpaka yakakaribia weupe, akayaunga kwa nyundo. Cheche ziliruka hata tukarudi nyuma.

Habari hii tulimwandikia mpwa wetu asomaye Denmark, naye akatuletea jibu la ajabu. Nchi zile za Skandinavia, yapata miaka elfu iliyopita, zilikuwa na mabaharia na wapiganaji waitwao Waviking, ambao mashoka yao yajulikana dunia nzima. Wahunzi wao walifanya neno lile lile la mzee wetu: mwili wa shoka ulikuwa wa chuma laini, kwa kuwa pua ilikuwa adimu na ya thamani, na kipande kidogo cha pua kiliungwa penye makali tu. Liko shoka moja lililopambwa kwa nyuzi za fedha, lililofukuliwa mwaka 1868 mahali paitwapo Mammen, katika kaburi ambalo mbao zake zilikatwa katika kipupwe cha mwaka 970 na 971. Sasa limo katika Makumbusho ya Taifa mjini Copenhagen. Na watu wa leo waupendao ukale hununua mashoka yaliyofanywa viwandani kwa mfano wa yale ya Waviking. Mengi huja butu, mashavu yake manene, tundu la mpini halikunyoka. Basi wanunuzi hukaa nyuma ya nyumba zao na tupa na mafuta, wakiyapunguza unene, wakiyanoa, na kuyatilia mipini mipya. Tulipomsimulia mhunzi, akasema, "Kumbe na Mzungu huuziwa sura." Tofauti ni kwamba wao hufanya hivyo kwa mapenzi ya mambo ya kale, na sisi twafanya ili watoto wapate uji.

Wako watu wasemao kwamba cha zamani kilikuwa bora katika yote. Hatukubaliani nao, wala mzee hakubaliani nao. Chuma cha tanuri za kale hakikuwa sawa kila mahali, na jembe lake lililika upesi. Pua njema ya kiwandani ni bora, ila ipatikane. Lakini katika jambo la mpini wazee walitupita. Nendeni Bujora, karibu na Kisesa katika njia ya Musoma, kwenye Makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padre David Clement wa Kanada, mkaitazame nyumba ya wahunzi. Shoka la kale halina tundu. Lina mkia mwembamba, ambao hupashwa moto na kupenyezwa katika kichwa kinene cha mpini, na kila pigo huuzamisha mkia zaidi. Shoka la dukani hutegemea tundu na kabari, na matundu ya yale yetu yalikuwa mapana sawa mbele na nyuma, hivyo kabari haikuwa na mahali pa kubana. Mzee aliyatanua kidogo upande wa juu kwa tupa ya mviringo, akatia mipini ya mkole uliokaushwa miezi mingi kivulini.

Akatukataza mambo mawili yafanywayo kila siku hapa ufukweni. La kwanza ni kutupa shoka jikoni ili kisiki cha mpini uliovunjika kiungue, maana moto ule huondoa ugumu wote wa makali kwa saa moja. La pili ni kuloweka ziwani shoka lililolegea. Mti huvimba, mtu akafurahi. Mti ukikauka husinyaa kuliko kwanza, na shoka huruka siku ambayo mwenyewe amekwisha sahau kwamba lililegea.

Malipo ya kazi yote hayakufika bei ya mashoka mawili mapya. Mashoka sita yanatumika hata leo, na kila Jumatatu mpasua kuni huyagonga kabari mbele ya mwalimu wa zamu kabla ya kuanza. Lile la saba mzee alitukwangulia rangi yake nyekundu kwa ukucha wa patasi, tukaona chini yake ufa mwembamba kama unywele, umetoka tunduni mpaka karibu na makali. Alilikata vipande, akatufulia kabari za kupasulia magogo.