Tulichokisikia Kilembe

Wahenga walinena kuwa mkaa bure si sawa na mtembea bure. Kwa kuuamini usemi huo, sisi walimu wanne wa Kiswahili tuliazimia kuzitumia siku mbili za mwisho wa juma kuzuru milima ya Rwenzori, huku kwetu magharibi mwa Uganda, kwa Land Rover kuukuu ambayo mmoja wetu aliirithi kwa babaye. Nia yetu ilikuwa kuyapumzisha macho yaliyochoshwa na madaftari ya wanafunzi. Kujifunza Kiswahili hakukuwamo katika ratiba.

Jumamosi asubuhi tuliondoka Fort Portal, tukaishika njia iendayo Bundibugyo, ambayo hupita Buranga katika bega la kaskazini la milima hiyo. Hapo zamani ilikuwa njia ya udongo, na aliyesafiri humo wakati wa mvua hakuwa na hakika ya saa ya kufika. Siku hizi ina lami. Lakini mwenzetu hakuwa amekuja na gari la aina ile kwa ajili ya lami; mara kwa mara aliiacha na kuvifuata vijia vinavyoparamia miteremko katikati ya mashamba. Hapo alitia gia ya kwanza, gari likapanda kwa mwendo wa kobe, nasi tukishikilia viti kwa mikono miwili. Kwenye kila kona alipiga honi mara moja tu, fupi. Tulipomwuliza kwa nini hapigi zaidi, alijibu kuwa mtu aliye upande wa pili hahitaji hotuba. Anahitaji kujua kwamba kuna mwenzake.

Juu ya Buranga tulisimama ili injini ipoe. Chini yetu lilitandaa bonde la Semliki, na mbele yake msitu uliokwenda mpaka Kongo bila kuujali mpaka wowote. Tulikaa kimya kwa muda mrefu, jambo ambalo ni nadra kwa walimu wanne. Jioni tulirudi Fort Portal tukiwa na vumbi hadi kwenye nyusi.

Jumapili tulielekea kusini hadi Kasese, kisha tukaingia bonde la mto Nyamwamba kwenda Kilembe. Msomaji atakumbuka kuwa reli ilifika Kasese mwaka 1956, na mgodi wa shaba wa Kilembe ulianza uzalishaji mwaka huo huo. Madini yake yalipelekwa Jinja kuyeyushwa. Uchimbaji ulisimama mwaka 1982, na kwa miaka kadhaa kuanzia 1999 mabaki yaliyorundikwa Kasese yalisafishwa ili kupata kobalti. Yaliyosalia ni nyumba za wafanyakazi, vyuma vyenye kutu, na midomo ya mahandaki ubavuni mwa mlima. Juu ya hayo, mto ulifurika Mei 2013 na tena Mei 2020, ukabomoa makazi na madaraja, ukayaacha mawe makubwa yakiwa yametapakaa bondeni.

Ni katika mawe hayo gari letu lilikwama. Gurudumu moja la nyuma lilining'inia hewani, nasi tukaanza kushauriana kwa Kiswahili kizuri chenye mabishano mengi. Vijana wakaja, na nyuma yao mzee mmoja mwenye fimbo. Mzee hakushauriana na mtu. Alisema, "Jiwe!" Vijana wakaleta jiwe. Akasema, "Weka! Toka! Sukuma!" Gari likatoka.

Tulipoketi naye kivulini, alitueleza kuwa alifanya kazi mgodini tangu ujana wake. "Sisi ilikuwa naingia chini asubuhi, natoka jioni," alisema. Mmoja wetu, kwa mazoea ya darasani na bila nia mbaya, akamsahihisha: "Tulikuwa tukiingia, mzee." Mzee akanyamaza. Nasi tukanyamaza, maana tulijua papo hapo kuwa limetendeka kosa, na si la sarufi.

Hatimaye alitutazama akatabasamu. "Mwalimu," alisema, "kule chini iko Mkonjo, iko Mkiga, iko Mluo, iko Mnyarwanda. Taa nazimika. Mtu nasema: baruti! Wewe hapana uliza yeye kabila gani. Wewe nakimbia."

Hakuongeza neno, akatuuliza habari za mvua huko tutokako.

Njiani kurudi tulijadiliana sana. Katika nchi yetu, Kiswahili kilitangazwa lugha ya taifa mwaka 1973; mwaka 2005 katiba ikakifanya lugha rasmi ya pili; na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Pamoja na matangazo hayo yote, wako wazazi wanaotuambia bado kuwa hiyo ni lugha ya amri na ya bunduki. Sisi huwajibu kwa kuwaonyesha vitabu. Haikutujia kamwe kuwaonyesha mzee kama huyu, ambaye kwake amri ya Kiswahili ilikuwa ni mtu kumwokoa mwenziwe gizani.

Mwenzetu aliyemsahihisha mzee alishikilia kuwa sentensi zile zingeanguka mtihani, na kwamba mwalimu anayeziachia anamdhulumu mwanafunzi. Hatukuweza kumkanusha. Upatanisho wa kisarufi ni uti wa mgongo wa lugha hii, na ndio tuliokabidhiwa tuufundishe. Lakini tulikubaliana jambo moja dogo: mwanafunzi aanzapo kusema, tumwache kwanza afike mwisho wa maneno yake. Masahihisho yatasubiri, hayajawahi kupotea njiani.

Jumatatu msichana mmoja wa kidato cha pili, ambaye tangu muhula uanze hakuwa amefumbua kinywa darasani, alisimama akasema, "Mwalimu, mimi jana nakwenda kwa bibi." Tulikuwa na chaki mkononi. Tukaiweka mezani, tukamwuliza bibi hajambo.