Barua kwa Mpwa Wangu wa Kabambare Juu ya Kununua Jipi

Kasongo

Kwa mwanangu, mpwa wangu mpendwa, uliyeko Kabambare.

 Barua yako imenifikia nami nimeisoma yote, na nimefurahi kuona ya kuwa biashara yako ya mchele na mawese imekupa akiba ya dola 9,000, nawe umekusudia kununua jipi iliyokwisha kutumika, ili uache kuwabembeleza wenye malori kila unapotaka kuleta mzigo huku. Azma hiyo ni njema. Lakini umeniambia pia ya kuwa moyo wako umeipenda Toyota Harrier nyeupe uliyoonyeshwa Kalemie, yenye viti vya ngozi na vioo vyeusi, na hapo ndipo nilipoona ni wajibu wangu kukuandikia bila kukuficha neno, kwa sababu wewe ni mtoto wa dada yangu, na hasara yako ni hasara ya nyumba yetu.

Njia yetu unaijua tangu utoto, lakini nataka sasa uitazame kwa jicho la mnunuzi. Njia hii ya kuvuka Tanganyika kutoka Ujiji hadi Mtowa, kupita Kabambare na kuja Kasongo, ndiyo waliyoikanyaga wapagazi wa pembe na mateka waliofungwa minyororo katika zama za Hamed bin Muhammed el Murjebi, aliyelakabiwa Tippu Tip. Na ni huko huko kwenu, mwaka 1870, alikokwama Livingstone kwa miezi mingi akiuguza vidonda vya miguu, kwa kuwa matope ya nchi hii hayamstahi msafiri yeyote. Leo magari ya Japani hushushwa bandarini Dar es Salaam, yakapelekwa hadi Kigoma, ambako reli ilifika mwaka 1914, kisha yakavushwa ziwa kwenda Kalemie au Uvira, na yanapokuja kwetu hufuata takriban mkondo ule ule wa misafara. Wakati wa kiangazi, tangu Juni hadi Agosti, hata gari dhaifu hufika. Mvua zikianza, malori huchimba mifereji miwili katika udongo mwekundu, na katikati yake hubaki tuta; gari ambalo tumbo lake li karibu na ardhi hulikalia tuta hilo, magurudumu yakazunguka bure, nawe utalala hapo mpaka waje watu wa kijiji na majembe yao, na mchele wako umelowa.

Harrier, iliyotoka kiwandani kwa mara ya kwanza mwaka 1997, imejengwa juu ya msingi wa gari la abiria la mjini. Haina shasi iliyo mbali na bodi, haina gia nzito ya kutambaa matopeni, na hutumia esansi. Sisemi kuwa ni gari baya. Kwenye lami ni starehe kubwa. Lakini Kabambare hakuna lami, na fahari ya kuonekana ndani yake siku ya Ijumaa mbele ya msikiti haitakufikisha Kasongo mwezi wa Novemba.

Linalokufaa ni gari lenye shasi ya chuma, lililoinuka, lenye gia ya pili ya chini, na injini ya mazuti ambayo fundi wa hapa anaweza kuifungua na kuifunga kwa funguo zake bila kuhitaji kompyuta. Katika hayo, sijaona linalopita Land Cruiser ya namba 70, yenye injini ya 1HZ ya lita 4.2 na silinda sita, iliyoanza kutumika mwaka 1990: ni nzito, ni ya polepole, haina turbo, na ndiyo sababu hudumu. Mashirika ya misaada yamezitumia sana Kongo yetu, na wakati mwingine huziuza kwa mnada. Gari la namna hiyo aghalabu lina daftari la matengenezo, nayo ni ithibati ambayo dalali wa sokoni hawezi kukupa, ingawa usisahau kwamba limefanyishwa kazi ngumu. Tena yapo yaliyoingizwa nchini kwa msamaha wa ushuru, na msamaha huo ukiisha siku ya mauzo, deni humgeukia mnunuzi. Kwa fedha yako, Land Cruiser nzuri huenda isipatikane. Hapo basi tazama Prado za kati ya 1996 na 2002 zenye injini ya 1KZ ya lita 3, ambazo ni nyepesi zaidi na zina nguvu ya kutosha, ila uelewe kwamba injini hiyo ikichemka, kichwa chake ni chepesi kupasuka, na kwa hiyo rejeta yake na feni yake ndivyo vitu vya kwanza kuviangalia na vya mwisho kuvidharau. Nissan Patrol yenye injini ya TD42 nayo ni imara kama jiwe, lakini ukiniuliza mimi nitachagua Toyota, kwa hoja moja tu ya vipuri: hapa Kasongo, na Kindu pia, cha Toyota utakipata, kama si kipya basi kilichotolewa katika gari lililokufa.

Usishawishike na injini za kisasa zaidi, zile zinazosukuma mazuti kwa shinikizo kubwa na kuamrishwa na kompyuta. Zina nguvu, na mafuta yakiwa safi hunywa kidogo. Lakini sisi mazuti yanatufikia ndani ya mapipa na madumu, yakiwa yamepita mikono mingi, na humo mna maji na mchanga. Jirani yangu mmoja alinunua gari la aina hiyo, nozeli zikaharibika kabla mwaka haujaisha, wala hapakuwa na chombo cha kulipima. Ikabidi lipandishwe juu ya lori na kupelekwa mbali, na nauli ya lori pamoja na gharama ya nozeli zilikaribia nusu ya bei aliyolinunulia. Na hata ukiwa na injini ya zamani, chuja mazuti kwa kitambaa safi, na ubadilishe filta kabla ya wakati wake.

Sasa sikiliza namna ya kulikagua. Nenda asubuhi na mapema, kabla mwenye gari hajaliwasha, ukaguse injini kwa mkono. Ukiikuta ina moto, jua kuna ugonjwa ambao hakutaka uuone. Wakati ingali baridi, fungua rejeta utazame maji kama yana mafuta, uchomoe kijiti cha oili uone kama oili imekuwa nyeupe mfano wa maziwa, kwani hayo ni dalili ya kichwa kilichopasuka au gasketi iliyoungua. Liwashwe mbele yako. Moshi mweusi kidogo una dawa. Wa buluu ni oili inayoungua. Mweupe usiokoma baada ya injini kupata joto ni maji, na hapo uage kwa adabu uondoke. Uliza mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini, kwani injini zote mbili za Toyota nilizokutajia zinautumia na hubadilishwa kila kilomita 100,000, na jibu likikosa karatasi, hesabu kuwa haujabadilishwa. Namba ya kilomita kwenye saa usiiamini. Tazama pedali zilivyolika, usukani ulivyong'ara, kiti cha dereva kilivyobonyea. Kisha ulale chini ya gari, nguo zichafuke, uigonge shasi kwa nyundo ndogo toka mbele hata nyuma, maana magari mengine yameishi katika mikoa ya Japani ambako chumvi humwagwa barabarani wakati wa theluji, na kutu iliyofichwa kwa rangi nyeusi hulia sauti nyingine. Ubavuni mwa kila tairi mna tarakimu nne: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka, 2314 ni tairi la wiki ya 23 ya mwaka 2014, na tairi kongwe halifai hata likiwa na meno.

Jambo la usukani ni zito zaidi. Kwetu tunaendesha upande wa kulia, na magari ya Japani usukani wake uko kulia, hivyo wako mafundi wanaouhamishia kushoto. Kazi ikifanywa vema haina neno, lakini ikifanywa kwa ghashi, usukani unaweza kukutoka mkononi ukiwa mteremkoni. Likiwa gari limegeuzwa, fundi wako atazame viungo, pampu ya breki na ukuta wa chuma uliotobolewa, asione haya kung'oa kapeti. Likiwa halijageuzwa, usitoe senti mpaka umekwenda mwenyewe kwa watu wa forodha, DGDA, kuuliza kanuni ya leo juu ya usukani wa kulia na umri wa gari, wala usitosheke na kauli ya muuzaji. Kadi ya gari, ile carte rose, iwe na jina la yule anayekuuzia, na namba iliyochongwa kwenye shasi ilingane nayo herufi kwa herufi. Ukiona chuma kimesuguliwa mahali pa namba, hilo ni gari lililoibwa, na atakayelala mahabusu ni wewe.

Rai yangu katika fedha ni hii: gari lisizidi dola 6,000. Zilizobaki si ziada. Ni za ushuru ikiwa haujalipwa, bima, matairi manne, oili zote za injini, gia na difa, mkanda wa taimingi, na kamba ya chuma ya kujivutia. Mwenye dola 9,000 akinunua gari la dola 9,000 hulipaki mbele ya nyumba. Kama hakuna linalofaa kwa bei hiyo, ngoja. Mchele wa mavuno yajayo utaongeza kitu, na kuendelea kukodi lori msimu mmoja zaidi si aibu.

Huyo muuzaji wa Kalemie mwambie bado unashauriana na wazee. Ukipata jingine, niletee namba ya shasi na picha za chini ya gari, nami nitampeleka kwako fundi ninayemwamini, nauli na masurufu yake juu yangu, mkalikague pamoja. Msalimie sana mama yako, umwambie ule mkeka wake nimeupata.

Wakatabahu,
Mjomba wako.