Tulimwita Bubu



Sisi mafrateri watatu wa falsafa hutumwa kila Jumamosi kwenye kigango kimoja kusaidia jumuiya ndogo ndogo. Huko tulimkuta mama muuza mboga, ambaye daima hukaa benchi la mwisho karibu na mlango. "Huyo ni bubu, frateri, mwacheni tu," wanajumuiya walituambia. Tukamwacha. Kwa miezi minne tulimpungia mkono na kupita, na katika ripoti yetu kwa padre mlezi tukaandika kwamba waamini wote wamefikiwa.

Siku ya maungamo kabla ya Pasaka alipanga foleni na wenzake. Zamu yake ilipokaribia, msimamizi wa foleni akamtoa kwa upole ili asimcheleweshe padre. Sisi tulikuwa pale, hatukusema neno.

Jioni tulifungua Sheria ya Kanisa. Kanuni ya 990 inasema hakuna anayezuiwa kuungama kwa njia ya mkalimani, na kanuni ya 983 inamfunga mkalimani huyo kwa siri. Ruhusa ipo. Wala Kanisa letu si geni kwa viziwi: shule ya viziwi ya Tabora lilianzisha lenyewe mwaka 1963. Wiki hiyohiyo darasani tulimsoma Aristotle, aliyeandika kwamba aliyezaliwa kipofu huwa na akili kuliko kiziwi asiyesema, kwa kuwa elimu huingia kwa kusikia. Mwezi mmoja kabla yake tungeinakili sentensi hiyo bila kushtuka.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda nyumbani kwake. Binti yake wa darasa la sita akatutafsiria. Mama alisoma shule ya viziwi miaka kadhaa, na Lugha ya Alama anaizungumza haraka kuliko sisi tunavyosali rozari. Swali lake la kwanza lilikuwa: "Siku ile mlikuwa pale. Mbona hamkuinua mikono?"

Sasa anatufundisha baada ya jumuiya, nasi bado tuko kwenye herufi. Padre amekubali kumwungamisha kabla ya Noeli. Mkalimani tunamtafuta, na lazima awe mtu mzima, maana mtoto hawezi kubebeshwa dhambi za mama yake.

Alama ya "samahani" tulimwomba atufundishe siku ileile ya kwanza. Alitusahihisha mara mbili.