Nyama mbichi au iliyoiva? Kosa lilikuwa langu

Nimekuwa kimya kwa muda, na leo nimekuja kuungama. Kwa wiki 6 nilimshuku mama watoto kwa kosa ambalo lilikuwa langu mwenyewe.

Kisa chenyewe ni hiki. Daktari alinipima sukari akaniambia sijafika pabaya, ila naelekea huko, na kwamba nipunguze uzito. Baba yangu aliugua kisukari miaka mingi, kwa hivyo sikungoja kuambiwa mara mbili. Nikafanya lile ambalo mtu wa kompyuta hufanya akiingiwa na hofu: nikaandika programu. Ina jedwali la vyakula na kalori za kila gramu 100. Unaingiza uzito, inakupigia hesabu. Nikanunua na mizani ndogo ya jikoni. Nyama nyekundu nikaiacha, nikawa mtu wa kidari cha kuku mchana na jioni.

Programu ilidai kwamba kila siku nakula kalori 200 chini ya zile mwili wangu unazotumia. Lakini kila nikijipima, kilo ni zile zile! Wiki ya 6 nikashindwa kuvumilia. "Mama watoto, mafuta unayotia kwenye sufuria yamezidi," nikamwambia. Akanitazama, akasema, "Baba watoto, kijiko ni kile kile cha siku zote. Hebu kagua hesabu zako kwanza." Usiku huo tulilala bila kusemezana.

Nilikagua, na nakiri nilitaka tu kumwonyesha kwamba sijakosea. Mstari wangu wa kidari bila ngozi ulisema kalori 120 kwa gramu 100. Nikarudi kwenye hifadhidata ya Wizara ya Kilimo ya Marekani nilikonakili tarakimu hizo. Kumbe kuna mistari miwili! Kidari kibichi ni kalori 120 hivi. Kilichookwa ni 165. Nilikuwa nimenakili ule wa kwanza, halafu nikawa napima kuku aliyeiva, akiwa tayari sahanini.

Si kwamba moto unaongeza kalori. Nyama mbichi isiyo na mafuta mengi ni maji karibu robo tatu ya uzito wake. Ikipata moto, protini hujikunja na kuyakamua maji hayo. Gramu 100 za kidari hubaki kama 75, lakini karibu protini yote ingali mle ndani. Gawanya 120 kwa 0.75 utapata 160, jirani kabisa na ile 165. Kwa hivyo gramu 200 nilizoandika kuwa kalori 240 zilikuwa 330. Hizo ni 90 kila mlo, 180 kwa siku. Ile 200 niliyojivunia ilikuwa imeishia hapo, na mimi natafuta mafuta kwenye sufuria ya watu.

(Nafaka huenda kinyume. Mchele mkavu ni kalori 365 hivi kwa gramu 100, lakini wali ni kama 130, kwa kuwa mchele hunywa maji. Ukipima wali kwa tarakimu ya mchele, utajinyima bure.)

Sasa, tupime mbichi au iliyoiva? Zote ni sawa, mradi tarakimu na mizani vizungumzie kitu kile kile. Lakini mbichi ni ya kutegemewa zaidi, kwa sababu nyama iliyokaushwa juu ya makaa hupoteza maji mengi kuliko iliyochemshwa kidogo tu. Fikiria nyama choma. Ile kilo unayoagiza buchani hupimwa ikiwa mbichi, tena na mifupa. Inayokuja kwenye ubao na kachumbari haifiki kilo, na mifupa huili.

Shida ni kwamba nyumbani sufuria ni moja, na siwezi kupikiwa kando kama mgeni. Dawa yake ni hesabu ya darasa la sita. Pima nyama yote kabla ya kupikwa, kisha pima minofu yote ikiiva. Tuseme gramu 800 zimekuwa 560. Gawanya, utapata 0.7. Nikipakua gramu 140, nimekula sawa na gramu 200 za mbichi. Mafuta ya kupikia yahesabiwe kwa sufuria nzima, halafu kila mtu achukue fungu lake la mchuzi.

Kwenye programu nimeongeza safu moja inayoitwa "hali": kibichi au kilichoiva. Usipoijaza, programu inakataa. Nilipaswa kujua mapema. Mwaka 1999 chombo cha Mars Climate Orbiter kilipotea kwa sababu programu moja ilitoa tarakimu kwa vipimo vya Kiingereza na nyingine ikazisoma kama za metriki. Tarakimu isiyo na kipimo chake haina maana, iwe ya Mirihi au ya jikoni.

Asubuhi nilikwenda jikoni nikaomba radhi. Mama watoto alicheka, akaniuliza kama msamaha wake nao nimeupima ukiwa mbichi au umeiva :-) Siku hizi yeye ndiye anayepima nyama kabla ya kuiinjika, na kuniandikia kwenye karatasi kando ya jiko. Kilo zimeanza kushuka, polepole. Mwezi ujao narudi kwa daktari.

Haya, tuonane tena. Na kabla hujamlaumu mpishi, soma ule mstari hadi mwisho.