Sanduku Lenye Kufuli Tatu

Saa tano usiku, siku nne kabla ya kikundi cha mama yangu kugawana fedha za mwaka, wanachama wake wote 27 walipata ujumbe kwenye simu: "Mgao wako ni shilingi" kadhaa. Dakika chache baadaye wakapata ujumbe wa pili, wenye kiasi kikubwa zaidi. Kisha wa tatu, wenye kiasi kidogo kuliko ule wa kwanza. Kwa mwanamke mmoja, ujumbe wa tatu ulisema mgao wake ni shilingi 0.

Ujumbe huo niliutuma mimi, na sikujua kwamba nautuma. Nilikuwa nimekaa barazani kwetu Kilwa Kivinje, kompyuta mapajani, nikiamini kwamba nafanya hesabu tu.

Kikundi chenyewe ni cha kuweka na kukopa. Wengi wa wanachama wanakaanga samaki na kuuza, wengine wanapika vitumbua, wawili wana genge. Wanakutana kila Alhamisi baada ya swala ya alasiri. Kila mmoja ananunua hisa, kuanzia moja hadi tano, na hisa moja ni shilingi 2,000. Fedha zinakopeshwa kwa riba, na mwisho wa mwaka kila kitu kinarudi na kugawanywa kulingana na hisa. Mtindo huu wa vikundi ulianzia Niger mwaka 1991, kwenye mradi wa shirika la CARE, ukaenea Afrika, na sanduku la chuma lenye kufuli tatu limekuwa kama alama yake. Hapa kwetu funguo tatu wanazo wanawake watatu, na sanduku linalala kwa mtu wa nne.

Mama ni katibu. Kila Desemba alikuwa akikesha na daftari na kikokotoo, akirudia hesabu ileile mara tatu kwa kuogopa kumdhulumu mtu. Mwaka ule nilikuwa nimemaliza shahada ya kwanza, nikisubiri kuanza ya pili, nikamwambia, "Mama, hiyo kazi ya usiku mmoja. Niachie."

Niliandika programu. Ndani yake kulikuwa na fanksheni niliyoiita mgao. Kwa asiyejua, fanksheni ni kipande cha programu ambacho unakipa kitu nacho kinakurudishia jibu. Hii yangu ilipewa mwanachama na thamani ya hisa, ikarudisha kiasi cha fedha. Mwenye hisa 120, hisa ikiwa imekua hadi shilingi 2,500, jibu ni 300,000. Ukiiuliza leo au kesho, mara moja au mara elfu, jibu ni lilelile na hakuna kitu kinachosogea popote duniani. Fanksheni ya namna hiyo tunaiita safi.

Ila yangu haikubaki safi. Mwezi Septemba mama alisema ingependeza siku ya kugawana kila mtu apate kiasi chake kwenye simu, asisubiri kusomewa mbele za watu. Nikaongeza mstari mmoja ndani ya mgao: ukishapata jibu, mtumie mhusika ujumbe. Nilijaribu kwa namba ya mama peke yake, ukafika, tukafurahi. Jina la fanksheni sikulibadilisha. Kwa nje ilionekana ni ileile: toa mwanachama, pokea shilingi.

Desemba nilitaka kumsaidia mama kujiandaa. Daftari lilisema hisa itakuwa 2,500. Je, faini na riba zote zilizobaki zikilipwa? Itafika 2,650. Je, mwenye mkopo mkubwa kuliko wote asiporudisha, hisa zake zikakatwa kufidia? Ya wengine itashuka hadi 2,350, na yeye atabaki na sifuri. Nikaandika fanksheni nyingine, jaribu, ambayo unaipa fanksheni yoyote nayo inaipitisha kwa wanachama wote mmojammoja. Nikaipa mgao. Mara tatu.

Fanksheni inayopokea fanksheni nyingine wataalamu huiita ya daraja la juu. Wazo lake si geni kwa aliyekulia Kivinje, maana tumelelewa kwa kutumwa. Mama anakwambia, "Nenda kwa mama mdogo, mwambie amtume mwanawe dukani." Wewe umebeba maneno tu. Mama mdogo naye amemtuma mtoto tu. Lakini yule mtoto akifika dukani akakopa sukari, deni linaandikwa kwa jina la mama yako, naye atalikuta mwisho wa mwezi. Hakuna aliyedanganya. Kila mmoja alijua sehemu yake, na hakuna aliyejua yote. Fanksheni yangu ya jaribu haikutuma ujumbe hata mmoja. Ilimtuma anayetuma.

Asubuhi walianza kuja kabla ya chai. "Hodi." "Karibuni." Wa kwanza alikuwa mmoja wa washika funguo, simu mkononi. Hakukaa. Aliuliza jambo moja: "Nani kafungua sanduku?"

Kwake ilikuwa wazi. Kiasi hakiwezi kubadilika mara tatu usiku mmoja bila mtu kugusa fedha. Mama alimwonyesha daftari, akaapa. Kufikia saa tatu baraza lilikuwa limejaa. Mmoja, kwa ujumbe wa pili, alikuwa ameshamwambia fundi aje kupima paa. Mwingine mumewe alitaka kujua kwa nini kiasi kimeshuka usiku na nani kakila. Nilieleza kwamba ni majaribio, kompyuta ilikuwa inakadiria. Nilipomaliza, bibi mmoja akaniambia kwa upole, "Mjukuu wangu, kukadiria tunakadiria sote. Lakini hatupigi simu."

Yule wa shilingi 0 hakuja.

Alikuwa amekopa mwezi wa tisa, mtoto wake alipolazwa. Mimi nilimchagua kwa sababu deni lake lilikuwa kubwa, basi. Au ndivyo nilivyojiambia. Mama aliposoma ujumbe ule alielewa mara moja ni swali gani lililouzaa. "Mwanangu," akasema, "kumdhania mtu ni jambo moja. Kumpelekea dhana yako nyumbani kwake usiku ni jambo jingine."

Nilikwenda kwake kabla ya adhuhuri. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akanipa mkeka. Nilianza kuomba radhi, nikaingia kwenye maelezo ya kompyuta, nikaona aibu nikanyamaza. Alifungua pindo la kanga, akatoa noti zilizokunjwa, akazihesabu mbele yangu polepole, akazifunga tena. "Nilikuwa nimeziweka za Alhamisi," alisema. Hakusema zaidi.

Alhamisi sanduku lilifunguliwa mbele ya wote. Wahesabu wawili walihesabu, wakabadilishana, wakahesabu tena. Karibu madeni yote yalikuwa yamelipwa, la kwake likiwamo, na hisa ikatoka shilingi 2,640. Hakuna aliyepoteza hata senti. Mzunguko uliofuata ulipoanza, yeye hakununua hisa.

Siku ile baada ya mgao nilimuuliza yule mshika funguo kwa nini wanahitaji kufuli tatu ilhali wamejuana tangu utoto. Alinitazama kama niliyeuliza kwa nini ngalawa ina matengo. "Kuhesabu anahesabu yeyote," alisema. "Hata mtoto. Kugusa ndiko kuna funguo."

Mwaka uliofuata nilikwenda Dar es Salaam kuanza uzamili, na nilipotakiwa kuchagua mada, sentensi ile ndiyo iliyonichagulia. Mada inahusu kudhibiti athari za pembeni katika lugha za programu ambamo fanksheni hupokea na kurudisha fanksheni. Kliniki za huku kwetu zina neno lake kwa athari za dawa: maudhi madogo madogo. Kwenye kompyuta neno hilo halitoshi, kwa sababu huko mara nyingi athari ndiyo haja yenyewe. Programu isiyoandika popote, isiyotuma chochote, isiyosoma saa wala faili, haina faida kwa mtu. Tunazihitaji athari. Tunachotaka ni kujua ziko wapi, na nani ana ufunguo.

Waliounda lugha ya Haskell, iliyotangazwa mwaka 1990, waliamua kwamba kila fanksheni iwe safi. Wakabaki na swali gumu: lugha safi itazungumzaje na dunia? Miaka ya kwanza njia zao zilikuwa za kujikongoja. Jibu zuri lilitoka kwa Mwitaliano Eugenio Moggi, aliyeandika kati ya 1989 na 1991 kuhusu monadi, dhana ya hisabati ya kueleza mahesabu yenye athari. Philip Wadler akaionyesha kwa waandishi wa programu, na toleo la Haskell la mwaka 1996 likaifanya kuwa njia rasmi ya kuingiza na kutoa.

Kwa lugha ya sanduku, maana yake ni hii. Fanksheni inayohesabu tu huandikwa kwamba inarudisha shilingi. Inayotuma ujumbe haiwezi kuandikwa hivyo. Lazima aina yake iseme kwamba inarudisha kitendo, ambacho kikitekelezwa kitagusa dunia na kuleta shilingi. Ningeipitisha mgao yangu chafu kwa wanachama 27 kwa njia ya kawaida ya Haskell, ningepata orodha ya vitendo 27 ambavyo havijafanyika. Bahasha 27 mezani, zimeandikwa majina, hakuna hata moja iliyopelekwa posta. Na kabla ya hapo, jaribu iliyosubiri shilingi ingekataa kupokea vitendo, na programu isingekubali hata kuanza. Kosa langu lingeishia barazani kwetu.

Tatizo la kutumana nalo lina historia yake. Mwaka 1988 John Lucassen na David Gifford walionyesha namna ya kuandika athari ndani ya aina, ili fanksheni inayopokea nyingine ibebe wazi athari za aliyepewa. Ukiipa iliyo safi, inabaki safi. Ukiipa inayotuma ujumbe, nayo inahesabiwa kuwa inatuma. Yaani deni la sukari linasomeka mlangoni kabla mtoto hajaondoka.

Wazo ninaloshughulika nalo mimi ni jipya zaidi. Mwaka 2009 Gordon Plotkin na Matija Pretnar walieleza washughulikiaji wa athari. Hapa fanksheni haitumi ujumbe yenyewe. Inafika mahali, inasimama, inaomba: naomba ujumbe huu utumwe. Aliye juu yake ndiye anayeamua ombi litimizweje, kisha anairuhusu iendelee ilipoishia. Siku ya mgao, mshughulikiaji anatuma kweli. Siku ya majaribio, mwingine anaandika kwenye karatasi na kusema, endelea. Hesabu haibadiliki hata neno. OCaml iliingiza washughulikiaji hawa katika toleo la 5.0, Desemba 2022, ingawa aina zake hazikuambii ni athari gani zinaweza kutokea. Koka, lugha iliyoanzishwa na Daan Leijen, inazitaja katika aina ya kila fanksheni.

Hakuna lugha inayomaliza uzembe. Haskell yenyewe ina mlango wa nyuma, fanksheni ambayo jina lake linaanza na neno la Kiingereza lenye maana ya "si salama", na watu wanaupita. Sanduku nalo linaweza kuvunjwa kwa nyundo. Lakini anayevunja kwa nyundo anajua anachofanya. Mimi sikujua, na hilo ndilo ninalotaka lugha iniepushe nalo.

Vitabu husema usafi unarahisisha kupima programu na kuthibitisha kwamba iko sahihi. Ni kweli. Kwangu mimi faida yake kubwa ni kwamba mtu anapata nafasi ya kudhania. Mweka hesabu yeyote mwaminifu lazima ajiulize, "Je, huyu asipolipa?" Asipojiuliza, kikundi kitaumia. Lakini swali hilo ni salama pale tu linapobaki swali. Programu yangu ilininyang'anya nafasi hiyo bila kuniambia, na aliyelipa gharama hakuwa mimi.

Programu ya mama niliiandika upya. Mgao sasa inahesabu tu. Ujumbe unaombwa, na ombi halitimizwi mpaka washika funguo watatu wakubali, kila mmoja kwenye simu yake. Yule aliyeuliza nani kafungua sanduku aliijaribu mwenyewe. Akakataa mara mbili makusudi, aone kama kweli hautatoka. Haukutoka.

Desemba iliyopita nilikaa tena pale barazani, usiku, nikafanya makadirio zaidi ya arobaini: huyu asipolipa, yule akilipa nusu, wote wakilipa. Simu ya mama ilikuwa kwenye mkeka kando yangu, na haikuwaka hata mara moja. Orodha niliyoipitisha sasa ina majina 26.